Mafuta kwenye Tope la Hori Zetu: Yanavyofika, Yanavyokaa na Namna ya Kuyazuia

Bahari ya Mombasa hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvu kubwa, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4. Kwa sababu maji haya hayatulii, wakazi wengi huamini kwamba mafuta yakimwagika baharini yatachukuliwa na maji, na baada ya siku chache mambo yatakuwa yamekwisha.

Juu ya maji, imani hiyo ina ukweli kiasi. Chini ya maji haina. Sehemu ya mafuta hushuka ikaingia kwenye tope, na huko inaweza kukaa miaka mingi baada ya maji kuonekana safi, meli kuondoka na watu kusahau. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa nini linamhusu mvuvi wa Tudor, fundi wa magari wa Changamwe na mama anayenunua chaza, na kila mmoja wetu anaweza kufanya nini.

Hori ni mahali pa tope

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na mikono ya bahari inayoingia bara. Upande wa kaskazini-magharibi kuna hori ya Tudor, inayopokea maji ya mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu. Upande wa magharibi, ndani zaidi ya bandari ya Kilindini, kuna Port Reitz, inayopokea Mwachi na mito mingine midogo. Kati ya kisiwa na Changamwe kuna hori ya Makupa.

Mvua ikinyesha huko juu Kwale na Kilifi, mito hii hushuka na udongo mwekundu. Maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi, chembe ndogondogo za udongo hushikamana, huwa nzito na kuzama. Mizizi ya mikoko nayo hupunguza mwendo wa maji, hivyo chembe nyingi zaidi hutua. Ndiyo maana ndani ya hori kuna tope jeusi laini ambalo mguu huzama hadi gotini, ilhali ufuo wa Nyali na wa Shelly una mchanga mweupe. Wataalamu huita tope hili, pamoja na mchanga mwembamba na mabaki ya majani yaliyozama, mashapo.

Mashapo ya hori ni chakula na makao. Kaa huchimba humo, kamba wadogo hukulia humo, na samaki wengi wanaovuliwa nje ya mwamba walipita humo wakiwa wachanga. Kwa hiyo kinachoingia kwenye tope hakibaki kuwa habari ya tope peke yake.

Mafuta huzama vipi?

Petroli, dizeli, mafuta taa, oili ya injini na mafuta mazito ya meli yote ni mchanganyiko wa kemikali ziitwazo haidrokaboni, yaani kemikali zilizojengwa kwa haidrojeni na kaboni. Ziko za aina nyingi sana, na kila aina ina tabia yake.

Zilizo nyepesi, kama zile za petroli, huruka hewani ndani ya saa chache au siku chache. Hizo ndizo hutoa ile harufu kali, na huua viumbe haraka zikiwa bado zipo. Zilizo nzito haziruki wala haziyeyuki vizuri kwenye maji. Zenyewe hutafuta kitu cha kushikilia, na ndani ya hori kitu kilicho karibu ni chembe za udongo na mabaki ya majani. Chembe iliyoshikwa na mafuta huwa nzito, huzama na kujiunga na tope.

Kuna njia ya pili. Maji yakipwa, utando wa mafuta ulioelea hushuka pamoja na maji na kulala juu ya tope. Kutoka hapo huingia kwenye mashimo ya kaa na nafasi zilizo kando ya mizizi. Maji yakijaa tena, utando wa juu huondoka, lakini ulioingia shimoni hubaki. Mtu anayepita siku hiyo atasema pamesafishika.

Kwa nini hayaozi upesi?

Kwa kawaida mafuta yana adui. Kuna bakteria wanaoishi baharini ambao hula haidrokaboni, na kwenye maji yenye hewa ya kutosha wanaweza kuzipunguza ndani ya wiki au miezi. Lakini kazi hiyo inahitaji oksijeni.

Tope la mikoko halina oksijeni isipokuwa kwenye tabaka jembamba la juu, mara nyingi lenye unene wa milimita chache tu. Ukichimba chini kidogo, utakutana na weusi na harufu ya yai bovu. Harufu hiyo si dalili ya uchafuzi. Ni kawaida ya tope lisilo na hewa. Ila inaonyesha kwamba mafuta yakishafika hapo, uozaji wake utakuwa wa polepole mno. Ni kama kitu kilichofungiwa kwenye chupa.

Kila msimu wa mvua huleta tope jipya juu ya lile la zamani. Mafuta ya miaka iliyopita huzidi kufunikwa. Yakiachwa humo bila kuguswa, madhara yake hupungua. Tatizo huja tope likichimbuliwa na mashine, na nanga, na mmomonyoko baada ya mikoko kukatwa, au na kaa wenyewe wanaposafisha mashimo yao. Hapo mafuta ya zamani hurudi juu, na watu hushangaa kuona utando unaong'aa mahali ambapo hakuna meli wala tangi.

Yaliyotokea kwetu

Mombasa ina sababu ya kulijali jambo hili kuliko miji mingine mingi. Bandari yetu hupokea mafuta ya Kenya na sehemu kubwa ya yanayokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifunguliwa mwaka 1963 na kusimamisha usafishaji mwaka 2013. Matangi na mabomba bado yako karibu na hori, na gati jipya la mafuta la Kipevu lilizinduliwa mwaka 2022.

Mwaka 1988 tangi la mafuta mazito lilitoboka karibu na Makupa. Kiasi kilichomwagika kilikadiriwa kuwa tani 5,000, na mikoko ya hori hiyo iliangamia. Mwezi Aprili 2005 meli ya mafuta ilitoboka ikiwa bandarini na kumwaga takriban tani 200 za mafuta ghafi. Upepo na maji kujaa viliyasukuma ndani ya Port Reitz, na zaidi ya hekta 200 za mikoko zikaguswa.

Hayo ndiyo matukio yanayokumbukwa. Hori ya Makupa ilikuwa na mzigo mwingine pia. Kwa miongo mingi jaa la Kibarani lilikuwa kando yake. Barabara ya tuta iliyojengwa mwaka 1929 ilizuia maji kupita, na hori isiyopitisha maji hukusanya tope na vyote vilivyomo. Tuta hilo liliondolewa na daraja la Makupa likafunguliwa mwaka 2022. Maji yanayopita ni heri kwa hori, kwa kuwa huleta hewa na samaki. Lakini mabadiliko ya mkondo wa maji yanaweza pia kusogeza tope la zamani, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuendelea kupima mashapo badala ya kutazama maji tu.

Wengine walijifunza nini?

Miji miwili ya mbali inatuonyesha muda ambao mafuta yanaweza kukaa.

Mwezi Aprili 1986 tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka kwenye pwani ya Panama upande wa bahari ya Karibi. Mafuta yalielekea kwenye mikoko ya Bahía Las Minas, mahali panapofanana na Port Reitz kwa joto, mikoko na tope. Watafiti walioendelea kurudi huko walikuta mafuta yakivuja kutoka kwenye tope miaka mitano baadaye, kila mvua kubwa iliponyesha au mikoko iliyokufa ilipoanguka na kufukua udongo.

Mwezi Septemba 1969 chombo kilichobeba mafuta kilikwama karibu na West Falmouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Kinamasi kimoja kiliingiwa na mafuta aina ya dizeli. Miaka 30 baadaye watafiti walichimba hapo na kukuta mafuta bado yapo, sentimita chache tu chini. Kaa wadogo wa kinamasi hicho walikuwa wakichimba mashimo mafupi na kugeuka upande walipofikia tabaka lenye mafuta. Nyasi za juu zilikuwa za kijani. Mtu wa kupita asingejua.

Funzo kwetu ni kwamba kusafisha baada ya mafuta kuingia kwenye tope ni kazi ngumu, ya gharama, na mara nyingine huleta hasara kuliko kuacha. Kuzuia ndiyo kazi inayowezekana.

Mikoko hupumua kwa mizizi

Mkoko una mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Mchu una mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama vidole. Kwa kuwa tope halina hewa, miti hii huvuta hewa kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye mizizi hiyo. Mafuta yakiipaka, vitundu huziba na mti hukosa pumzi. Majani huanza kuwa manjano na kupukutika, na mti unaweza kufa baada ya wiki au miezi.

Hata mti mkubwa ukipona, miche inaweza kushindwa. Mche mchanga una mizizi iliyo ndani ya tabaka lile lile lenye mafuta. Kwa hiyo vikundi vya upanzi wa mikoko vinapopoteza miche kila mwaka mahali pamoja, ni busara kuomba tope lipimwe kabla ya kupanda tena. Si kila mara kosa huwa la mbegu au la mpanzi.

Mikoko ikifa, mizizi yake haishiki tope tena. Mawimbi hulimomonyoa, mafuta ya chini hufunuliwa, na eneo linalofuata huathirika. Hasara moja huvuta nyingine.

Je, chakula cha baharini ni salama?

Hili ndilo swali ambalo wakazi huuliza zaidi, na jibu lake linategemea kiumbe.

Samaki wenye mapezi, kama tafi na mkizi, wana ini linaloweza kuvunja haidrokaboni nyingi na kuzitoa mwilini ndani ya siku chache. Hilo huwapunguzia mzigo, ingawa samaki anayenuka mafuta hafai kuliwa wala kuuzwa.

Chaza, kombe na jamii yao hawana uwezo huo. Hukaa mahali pamoja na kuchuja maji mchana na usiku, na kila chembe ya tope iliyobeba mafuta hupita ndani yao. Haidrokaboni hujikusanya mwilini kwa kiwango kikubwa kuliko kilichomo kwenye maji. Wakihamishiwa kwenye maji safi husafika, lakini huchukua wiki kadhaa. Kaa na kamba wako katikati ya makundi haya mawili.

Hofu yenyewe ni juu ya kundi la haidrokaboni zenye pete nyingi za kaboni. Mojawapo, benzopireni, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kupika hakuiondoi. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuna sufuria inayoondoa haidrokaboni kutoka kwenye nyama ya chaza.

Hii haimaanishi kwamba wakazi waache kula samaki wa Mombasa. Maana yake ni kwamba chaza na kombe wasiokotwe kwenye mizizi iliyo karibu na mdomo wa mtaro, gereji, gati la mafuta au mahali ambapo utando au harufu ya mafuta imeonekana. Mnunuzi naye ana haki ya kumuuliza muuzaji wameokotwa wapi.

Wataalamu hupima vipi?

Kupima maji hueleza hali ya siku hiyo. Kupima mashapo hueleza hali ya miaka. Mtafiti husukuma bomba refu ndani ya tope, kisha hulitoa likiwa na tabaka zake zote. Tabaka la juu ni la karibuni, na la chini ni la zamani. Ni kama daftari la duka: ukurasa wa mwisho ni wa leo, na ukirudi nyuma unasoma ya miaka iliyopita.

Kila tabaka hukaushwa na mafuta yake kutolewa maabara kwa vimumunyisho, kisha kutenganishwa kwa mashine inayoonyesha aina na kiasi cha kila haidrokaboni. Kwa kulinganisha aina hizo, mtaalamu anaweza kutambua kama uchafu ulitoka kwenye mafuta yaliyomwagika yakiwa mabichi, au kwenye moshi wa magari, makaa na takataka zilizochomwa. Moshi nao hutua, mvua huuosha, na mwisho wake ni hori.

Kipimo kimoja kinachotumiwa sana duniani ni jumla ya haidrokaboni zenye pete nyingi katika kilo moja ya tope kavu. Chini ya takriban miligramu 4, madhara kwa viumbe wa tope huwa nadra. Zaidi ya takriban miligramu 45, madhara hutarajiwa mara nyingi. Katikati ya namba hizo panahitaji uchunguzi zaidi. Mkazi anapohudhuria kikao cha tathmini ya mazingira kuhusu mradi wa gati, daraja au uchimbaji, ni vyema aulize: mashapo yamepimwa? Yalichukuliwa wapi na kwa kina gani? Tope litakalochimbuliwa litapelekwa wapi?

Mombasa ni makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, na watafiti wake wamezisoma hori hizi kwa miaka mingi. Utaalamu uko karibu nasi.

Tusilaumu meli peke yake

Ajali ya meli huonekana na kila mtu. Kinachoonekana na wachache ni matone ya kila siku. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba, kati ya mafuta yanayoingia baharini kwa shughuli za binadamu, sehemu kubwa hutokana na matumizi ya kawaida ya mafuta, ikiwemo maji ya mvua yanayoosha barabara na miji. Ajali za meli zilikuwa sehemu ndogo.

Fikiria njia za kwetu. Gari au tuktuk linabadilishwa oili kando ya barabara, na oili chafu inamwagwa kwenye udongo au mtaro. Injini inaoshwa kwa dizeli mahali pa kuoshea magari. Mashua inatolewa maji yenye oili kwa kopo na kumwagwa baharini. Nguzo za uzio zinapakwa oili chafu kuzuia mchwa, au uwanja unanyunyiziwa kutuliza vumbi. Kila mmoja anasema ni kidogo. Lakini mitaro mingi ya kisiwani, Changamwe, Jomvu na Kisauni haiishii kwenye kiwanda cha kusafisha maji. Inaishia kwenye hori. Mvua ya kwanza ya masika huyabeba yote kwa siku moja.

Oili chafu ni mbaya kuliko mpya. Ndani ya injini imepata joto kali, ikajaza haidrokaboni zenye pete nyingi, na imekusanya chembe za metali. Fundi anayeishika kwa mikono mitupu kila siku anajidhuru mwenyewe kabla ya kumdhuru kaa.

Ni kazi ya nani?

Katiba ya 2010 imegawa kazi. Bandari, meli na usafirishaji wa mafuta viko chini ya Serikali Kuu. Mamlaka ya Bandari husimamia eneo la bandari. Mamlaka ya Bahari ya Kenya huratibu mpango wa taifa wa kukabiliana na umwagikaji wa mafuta baharini. NEMA husimamia Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na chini ya kanuni za taka oili chafu ni taka hatari: anayeisafirisha au kuitupa lazima awe na leseni.

Kaunti imepewa taka, mitaro ya maji ya mvua mjini, maji taka na leseni za biashara. Hii ina maana kwamba mafuta yanayotoka baharini yana mlango mmoja, na yanayotoka nchi kavu yana mlango mwingine, lakini yote hukutana kwenye tope moja. Mkazi asikubali kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Ripoti inaweza kupelekwa popote kati ya hizo, na aliyeipokea anapaswa kuifikisha panapohusika.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Wakazi wa Owino Uhuru waliitumia njia hiyo kuhusu sumu ya risasi kwenye udongo na maji yao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na mwezi Desemba 2024 ushindi wao ukathibitishwa.

Ufanye nini ukiona mafuta?

1. Hakikisha ni mafuta. Utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua unaweza pia kutokana na bakteria wa chuma kwenye maji yaliyotuama. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo na kubaki vipande, si mafuta. Ukizungukazunguka na kuungana tena, ni mafuta. Harufu ya mafuta taa huthibitisha.

2. Andika saa, mahali, na kama maji yalikuwa yakipwa au yakijaa. Piga picha ukiwa mbali kidogo. Habari ya maji husaidia kujua mafuta yalitoka upande gani.

3. Ripoti siku hiyo hiyo kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU), ofisi ya wadi, idara ya mazingira ya kaunti, NEMA au Mamlaka ya Bahari. Saa za mwanzo ndizo za maana, kwa kuwa mafuta yakiwa bado juu ya maji yanaweza kuzuiwa kwa vizuizi vinavyoelea kabla ya kufika kwenye mikoko.

4. Usiingie kwenye mikoko kuyasafisha kwa koleo. Kila hatua ya mguu husukuma mafuta chini zaidi, mahali pasipo na hewa. Subiri maelekezo ya wataalamu.

5. Usimwage sabuni ya unga wala kuwasha moto. Sabuni huyagawanya mafuta kuwa matone madogo yanayozama na kuwadhuru viumbe wachanga. Moto kwenye mikoko hauhitaji maelezo.

6. Zuia watoto kuogelea na usivue wala kuokota chaza hapo mpaka itangazwe kuwa salama. Ngozi iliyopakwa ioshwe kwa sabuni na maji. Mafuta mazito yaliyoganda yalainishwe kwanza kwa mafuta ya kupikia. Petroli na tina zisitumike.

Na kila siku?

Kwa fundi wa magari, pikipiki na tuktuk: weka karai chini ya injini, kusanya oili chafu kwenye mtungi wenye kifuniko, usiichanganye na maji, petroli wala oili ya breki, kisha mpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Oili iliyomwagika sakafuni ifunikwe kwa vumbi la mbao au mchanga, izolewe na kuwekwa pamoja na taka hatari. Isisukumwe kwa maji hadi mtaroni. Vaa glavu.

Kwa mwenye chombo cha kuvulia: weka kitambaa au sponji chini ya injini ili inyonye oili kabla haijachanganyika na maji ya ndani ya mashua. Jaza mafuta kwa faneli, na usijaze hadi mdomoni.

Kwa mwenye mahali pa kuoshea magari: maji yapite kwanza kwenye shimo la kutenganisha oili, na shimo hilo lisafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kwa mwenye gari: ukimpa fundi kazi, muulize oili yako itakwenda wapi. Swali hilo moja, likiulizwa na wateja wengi, hubadilisha gereji kuliko faini.

Kwa vikundi vya upanzi wa mikoko: msikubali mche wala fedha za kupanda mahali penye historia ya mafuta kabla tope halijapimwa.

Hatuwezi kuyatoa yote yaliyoingia kwenye tope la Makupa na Port Reitz tangu zamani. Bakteria, mikoko na muda vitafanya kazi yao polepole, mradi tusivunje mizizi inayolishika tope wala kuongeza mzigo mpya juu yake. Mtoto anayezaliwa Tudor leo akifika umri wa kutupa wavu, baadhi ya mafuta tunayomwaga mwaka huu yatakuwa bado yamo humo. Tukiacha kuyamwaga, tabaka litakalotua juu yake kila msimu wa mvua litakuwa safi kuliko lililo chini.